Folda Haifunguki kwenye Kompyuta ya Pili: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa Nyumbani

Kompyuta mbili ziko nyumba moja, zinatumia ruta moja, zote zinaingia intaneti bila shida, lakini folda ya picha iliyo kwenye moja haifunguki kwenye nyingine. Hapo ndipo watu huanza kufuata kila video wanayokutana nayo: wanazima faiwoli (kinga inayozuia maombi kutoka mtandaoni), wanaondoa nywila, wanawasha SMB1 (toleo la zamani la utaratibu wa kushirikisha faili), kisha wanawasha upya mashine zote mbili na kusubiri muujiza. Saa mbili baadaye folda bado imegoma, na sasa hakuna anayekumbuka ni mipangilio ipi imebadilishwa.

Ombi la kufungua folda ya mbali hupita vituo vinne kwa zamu. Kwanza lazima kuwe na njia kati ya mashine mbili. Pili, mashine yenye folda iwe imefungua mlango wa kupokea ombi. Tatu, anayeomba ajitambulishe na akubaliwe. Nne, awe na ruhusa ya kugusa faili lenyewe. Kazi yako ni kujua ombi limekwama kituo gani, basi. Nywila haitatibu njia iliyokatika, na kuzima faiwoli hakutakupa ruhusa ambayo hukupewa.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11. Kompyuta ya mezani yenye folda tutaiita SEBULENI, anwani yake 192.168.1.20, na folda yenyewe inaitwa Picha. Nyingine ni LAPTOPU, anwani 192.168.1.35. Weka majina na namba zako mahali pake. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye Windows ya Kiingereza, maana ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi.

Jaribio la kwanza, kabla ya kugusa chochote

Ukiwa kwenye LAPTOPU, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika

\\192.168.1.20

kisha Enter. Usipitie alama ya "Network" iliyo pembeni mwa File Explorer. Orodha ile ina matatizo yake, tutaifikia. Angalia kinachotokea:

Folda zikifunguka, huna tatizo la kushirikisha faili. Una tatizo la jina au la orodha tu. Ruka hadi sehemu ya "Haionekani kwenye Network".

Ukiulizwa jina na nywila, furahi. Njia ipo na mlango uko wazi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya nywila.

Ikizunguka kwa nusu dakika au zaidi kisha ikatoa kosa 0x80070035, njia au mlango ndio wenye kasoro. Endelea hapa chini kwa utaratibu.

Je, ziko mtandao mmoja kweli?

Kuwa na Wi-Fi si ushahidi. Fungua Command Prompt kwenye kila mashine, andika ipconfig, na usome mstari wa "IPv4 Address". Sehemu tatu za mwanzo zinapaswa kufanana: 192.168.1 kwa 192.168.1. Ikiwa moja inasoma 192.168.1.20 na nyingine 192.168.0.35, umeshapata kosa.

Hali hii ni ya kawaida sana kwenye nyumba zenye ruta mbili: ile ya kampuni ya intaneti karibu na mlango, na nyingine iliyonunuliwa ili Wi-Fi ifike chumbani. Waya ukichomekwa kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la ruta ya pili, ruta hiyo hutengeneza mtandao wake wa peke yake. Intaneti inapita, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Lakini mashine iliyo upande wa ruta ya kwanza haiwezi kuifikia iliyo nyuma ya ruta ya pili. Faiwoli ya Windows kwenye mtandao wa nyumbani nayo hupokea maombi ya kushirikisha faili kutoka anwani za mtandao ule ule tu.

Dawa ni kuigeuza ruta ya pili iwe kisambazaji tu:

1. Tafuta kwenye mipangilio yake hali inayoitwa "Access Point". Ikiwapo, ichague na umemaliza.
2. Ikiwa haina, badilisha kwanza anwani yake ya LAN (upande wa vifaa vya nyumbani) iwe kwenye mtandao wa ruta kuu, kwa mfano 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha hakuna kifaa kingine kinachoitumia.
3. Zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani).
4. Hamisha waya kutoka tundu la WAN uuchomeke kwenye tundu mojawapo la LAN.

Fuata mpangilio huo. Ukizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, utapata shida kuingia tena kwenye mipangilio ya ruta hiyo.

Anwani inayoanza na 169.254 ina maana mashine haikupata anwani kutoka kwa ruta kabisa. Kagua waya, au sahau mtandao wa Wi-Fi na ujiunge upya.

Kuna hila nyingine inayopoteza watu muda mwingi: anwani zinafanana, kila mashine ina intaneti, lakini haziwezi kuonana. Hapo shuku mtandao wa wageni, ule wa "Guest", ambao umetengenezwa makusudi ili walio ndani yake wasionane. Shuku pia kipengele cha "AP Isolation", kwenye ruta nyingine huitwa "Client Isolation" au "Wireless Isolation". Ruta ndogo za laini ya simu, zile za mifukoni, zina kipengele hiki mara nyingi, na nyingine huwa kimewashwa tangu dukani. Kizime. Kama hukioni, chomeka mashine moja kwa waya kama ruta ina tundu. Zima pia VPN kwenye mashine zote mbili unapofanya majaribio.

Sasa kuhusu ping, amri ya kupima kama mashine nyingine inajibu. Watu huandika ping 192.168.1.20, wanaona "Request timed out", na kuhitimisha kwamba hakuna njia. Si lazima. Faiwoli ya Windows inaweza kunyamazia ping huku mashine iko hai. Baada ya ping iliyoshindwa, andika mara moja:

arp -a

Ukiona mstari wa 192.168.1.20 wenye anwani ya kifaa mbele yake, mfano wa 3c-52-82 na kuendelea, basi SEBULENI ipo na imejibu kwenye ngazi ya chini kabisa ya mtandao. Imekataa tu kujibu ping. Lakini ping ikirudisha "Destination host unreachable" na mstari huo haupo kwenye arp, njia ndiyo imekatika kweli: rudi kwenye ruta, waya au utengano wa Wi-Fi.

Mlango namba 445

Windows hushirikisha faili kwa kutumia SMB, na SMB husikiliza mlango wa TCP namba 445. Kwenye LAPTOPU fungua PowerShell, andika:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

Mstari wa mwisho ndio wa kusoma. "TcpTestSucceeded : True" ni mlango wazi. Ikisema False na arp imeonyesha mashine ipo, tatizo liko SEBULENI kwenyewe. Amka uende ukakae mbele yake.

Mara nyingi kuliko zote sababu ni aina ya mtandao. Windows huugawa mtandao kuwa "Public" au "Private", na kwenye Public hufunga mlango huu, jambo ambalo ni sahihi ukiwa mgahawani au uwanja wa ndege. Kasheshe ni kwamba kila mtandao mpya huingizwa kama Public usiposema vinginevyo. Ukibadilisha ruta, au kampuni ya intaneti ikikuletea nyingine, Windows inaweza kuuona kama mtandao mpya hata ukiupa jina lile lile la Wi-Fi. Ndiyo sababu ya ile kauli ya "jana ilikuwa inafanya kazi na sijagusa kitu".

Kwenye Windows 11: Settings, "Network & internet", bofya "Properties" ya Wi-Fi au Ethernet, chagua "Private network". Kwenye Windows 10: Settings, "Network & Internet", "Status", "Properties", kisha "Private". Anayependa amri afungue PowerShell kama msimamizi:

Get-NetConnectionProfile
Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Wi-Fi" -NetworkCategory Private

Amri ya kwanza inakuonyesha hali na jina la kiolesura (kadi ya mtandao). Hilo ndilo unaloliweka kwenye amri ya pili kama si "Wi-Fi".

Kisha washa kushirikisha kwenyewe. Windows 11: "Network & internet", "Advanced network settings", "Advanced sharing settings". Windows 10: Control Panel, "Network and Sharing Center", "Change advanced sharing settings". Chini ya "Private networks" washa "Network discovery" na "File and printer sharing". Fanya hivyo kwenye mashine zote mbili, na uache "Public networks" ikiwa imezimwa.

Mlango ukibaki umefungwa, jua nani anaufunga. Ukiwa SEBULENI andika kwenye Command Prompt:

netstat -an | findstr :445

Ukiona "LISTENING", Windows inasikiliza, kwa hiyo kuna faiwoli inayozuia katikati. Kama una antivairasi ya kununua yenye faiwoli yake, hiyo haifuati Public na Private za Windows. Ina orodha yake ya mitandao inayoaminika, na wa nyumbani kwako haumo. Isimamishe kwa dakika mbili, rudia Test-NetConnection, iwashe tena. Jibu likiwa limebadilika, ingia humo uuweke mtandao wako kuwa wa kuaminika. Usiiache imezimwa.

Ikiwa hakuna "LISTENING", huduma inayoitwa Server imesimama. Fungua services.msc, tafuta "Server", iweke "Automatic" na bofya "Start". Mafundi wengine huizima wanapodai kuipa mashine spidi.

Kushirikisha folda kwa namna ambayo haitakusumbua

Usishirikishe Desktop wala Documents. OneDrive hupenda kuzihamisha folda hizo, na ruhusa zake huja na mambo mengi ya akaunti yako. Tengeneza folda safi kwenye mzizi wa diski, kwa mfano D:\Picha.

Kila folda iliyoshirikishwa ina kufuli mbili. Moja ni ya mtandao, iko kwenye kichupo cha "Sharing". Nyingine ni ya diski yenyewe, iko kwenye kichupo cha "Security". Anayekuja kupitia mtandao lazima apite zote mbili, na ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Kosa la kila siku ni kumpa "Everyone" ruhusa yote kwenye Sharing, kisha kushangaa kosa la "Access is denied", kwa kuwa Security haijaguswa.

Kabla ya kufungua kufuli, tengeneza akaunti ya kazi hii peke yake. Fungua Command Prompt kama msimamizi kwenye SEBULENI:

net user picha * /add

Utaombwa nywila mara mbili. Herufi hazitaonekana unapoandika, usidhani kibodi imekufa. Halafu, kwenye PowerShell ya msimamizi:

Set-LocalUser -Name picha -PasswordNeverExpires $true

Mstari huu wa pili usiuruke. Bila huo, nywila ya akaunti iliyotengenezwa kwa net user huisha muda baada ya siku 42, kwa mipangilio ya kawaida ya Windows. Kila kitu kitaenda vizuri wiki sita, kisha siku moja folda itakataa bila dalili yoyote iliyotangulia.

Sasa bofya D:\Picha kwa kitufe cha kulia cha mausi, "Properties", "Sharing", "Advanced Sharing", weka alama kwenye "Share this folder". Ingia "Permissions", ongeza picha, mpe "Change" na "Read", umwondoe Everyone. Rudi, nenda "Security", "Edit", "Add", andika picha, mpe "Modify". Hakikisha kwa amri ya net share: jina Picha linapaswa kuwemo kwenye orodha.

Diski ya nje iliyopangwa kwa exFAT au FAT32 haina kichupo cha Security. Hiyo ina kufuli ya Sharing peke yake, haina kosa.

Nywila: hapa ndipo wengi wanapokwama

Acha dirisha la File Explorer. Makosa yake ni ya jumla mno. Kwenye LAPTOPU, Command Prompt ya kawaida, isiwe ya msimamizi, andika:

net use P: \\192.168.1.20\Picha /user:SEBULENI\picha *

Itakuomba nywila. Ikikubali, utapata diski ya P: kwenye "This PC". Ikikataa, itakupa namba, na namba hiyo ni dhahabu.

Namba 53: njia au mlango. Umeruka hatua za juu, zirudie.

Namba 67: mashine imefikika lakini hakuna folda iliyoshirikishwa kwa jina hilo. Linganisha na net share. Jina la kushirikisha linaweza kuwa tofauti na jina la folda.

Namba 86 au 1326: jina au nywila si sahihi. Kama unatumia akaunti yako badala ya picha, kumbuka PIN si nywila. PIN inafungua mashine unayoikalia tu, haipiti mtandaoni. Kwa mwenye akaunti ya Microsoft, nywila inayotakiwa ni ya barua pepe ile, na kama hujawahi kuingia SEBULENI kwa nywila hiyo, yaani umekuwa ukitumia PIN au uso tangu mwanzo, SEBULENI inaweza isiwe na kumbukumbu ya kuilinganisha. Ingia nayo mara moja, au achana na usumbufu huu utumie akaunti ya picha.

Namba 1327: akaunti haina nywila. Windows inaruhusu akaunti tupu kuingia kwa aliye mbele ya kioo tu, si kwa anayekuja kupitia mtandao. Weka nywila.

Namba 5: umetambulika, ila huna ruhusa. Rudi kwenye zile kufuli mbili.

Namba 1219: tayari una muunganisho na SEBULENI kwa jina lingine la mtumiaji, na Windows haikubali mawili kwa pamoja kwenda mashine moja. Futa ya zamani kwa

net use * /delete

kisha angalia nywila zilizohifadhiwa kwa cmdkey /list. Ukiona SEBULENI au 192.168.1.20 ikiwa na jina la zamani, ifute, kwa mfano cmdkey /delete:SEBULENI. Ikiendelea kung'ang'ania, toka kwenye akaunti yako ya Windows uingie tena.

Namba 1272: unajaribu kuingia kama mgeni asiye na nywila na Windows inakuzuia. Kwenye Windows 11 Pro toleo la 24H2, lililotoka 2024, njia hii imefungwa tangu mwanzo. Ndiyo sababu ule ushauri wa zamani wa kuzima "Password protected sharing" siku hizi unaleta matatizo mengi kuliko unayoyatatua. Zipo video zinazokufundisha kurudisha ugeni huo kwa kuhariri rejista (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows). Akaunti moja yenye nywila inachukua dakika mbili na haimwachii mlango wazi kila anayepewa Wi-Fi yako.

Toleo hilo la 24H2 lilileta jambo jingine: Pro, Enterprise na Education sasa zinadai kila pakiti ya SMB iwe na saini. Windows kwa Windows hutaona tofauti. Lakini ukiunganisha na NAS (kifaa cha kuhifadhi faili kwenye mtandao) ya zamani unaweza kupata "The cryptographic signature is invalid". Sasisha programu ya NAS na uwashe saini huko. Kulegeza upande wa Windows kuwe neno la mwisho kabisa.

Na SMB1? Usiiwashe. Ndiyo iliyopitiwa na virusi vya WannaCry mwezi Mei 2017, na Windows 10 kuanzia toleo la 1709 la mwaka huo huo haiiweki yenyewe. Vinavyoihitaji bado ni Windows XP, NAS kuukuu, na tundu la USB la ruta nyingi za zamani. Kwa ruta kama hiyo, chomoa diski uichomeke SEBULENI, ushirikishe kutoka huko.

Nywila sahihi inayokataliwa: mashine pacha

Hili linawahusu hasa walionunua laptopu mbili za mtumba duka moja. Duka huandaa Windows kwenye diski moja, kisha hunakili diski hiyo nzima kwenda mashine nyingine kumi. Kila Windows ina namba yake ya utambulisho iitwayo SID. Zilizonakiliwa bila kuandaliwa ipasavyo zinabaki na SID moja. Miaka mingi jambo hili halikuonekana. Kwa masasisho ya kuanzia tarehe 29 Agosti 2025, Windows 11 za 24H2 na 25H2 hukagua namba hizo, na mashine mbili zenye SID moja zinakataliana hata nywila ikiwa sahihi.

Kulitambua ni rahisi. Andika kwenye mashine zote mbili:

whoami /user

Utaona S-1-5-21, kisha namba tatu ndefu, kisha namba fupi kama 1001. Namba fupi ni ya mtumiaji, isikushughulishe. Zile tatu ndefu zikifanana kwenye mashine zote mbili, una mapacha. Kubadilisha jina la kompyuta hakusaidii. Hifadhi faili zako pembeni na usimike Windows upya kwa flashi kwenye mojawapo, moja inatosha.

Baadhi ya faili zinafunguka, nyingine zinagoma

Unafungua Picha, folda za ndani zipo, lakini za mwaka jana zinakataa. Sababu ni tabia ya Windows: faili ukilihamisha ndani ya diski ile ile, linakwenda na ruhusa zake za zamani. Ukilinakili, linachukua ruhusa za folda mpya. Zile zinazogoma zilihamishwa.

Kwenye SEBULENI fungua "Properties" ya Picha, "Security", "Advanced". Weka alama kwenye "Replace all child object permission entries with inheritable permission entries from this object", bofya OK, usubiri. Kama diski ilitoka kwenye kompyuta nyingine na unaona mmiliki ni mfululizo wa namba badala ya jina, bofya "Change" kando ya "Owner" kwanza ujiweke wewe.

Haionekani kwenye "Network"

Orodha hii ni pambo. Zamani ilitegemea utaratibu uliokwenda pamoja na SMB1. HomeGroup nayo iliondolewa kwenye Windows 10 toleo la 1803, mwaka 2018. Siku hizi kila mashine hujitangaza kwa huduma ya "Function Discovery Resource Publication". Fungua services.msc kwenye SEBULENI, iweke "Automatic (Delayed Start)", uianzishe. Kwenye LAPTOPU hakikisha "Function Discovery Provider Host" inafanya kazi. Subiri dakika chache. Ikikataa bado, usipoteze jioni yako: diski ya P: haihitaji orodha hiyo hata kidogo.

Inachohitaji ni anwani isiyobadilika. Umeme ukikatika na ruta ikawaka upya, SEBULENI inaweza kupewa 192.168.1.24 na P: ikawa imekufa. Andika ipconfig /all, nakili "Physical Address", kisha kwenye ruta tafuta "Address Reservation" au "DHCP Reservation" uifungie namba .20. Kama SEBULENI inatumia Wi-Fi, zima kwanza "Random hardware addresses" kwa mtandao wa nyumbani, la sivyo ruta inaweza isiitambue.

Folda ikipotea kila baada ya muda fulani na kurudi ukiigusa SEBULENI, mashine inalala. Settings, "System", "Power", weka Sleep kuwa "Never" inapokuwa kwenye umeme.

Inafanya kazi, lakini inajikokota

Tazama spidi ya kiungo kwa Get-NetAdapter kwenye PowerShell. Waya wa 100 Mbps hupitisha takriban megabaiti 11 kwa sekunde. Wa 1 Gbps hufika kama 110. Waya wa mtandao una nyuzi nane, na uzi mmoja ukikatika kichwani, kiungo cha gigabiti kinaweza kushuka hadi 100 bila kukuambia. Mashine zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi, kila faili husafiri hewani mara mbili, kwenda ruta na kutoka ruta, kwa hiyo mgawo wa kila moja hupungua. Picha za gigabaiti 50 ni kama dakika 76 kwa megabaiti 11, lakini kwa Wi-Fi inayotoa 4 ni saa tatu na nusu. Kuchomeka hata mashine moja tu kwa waya ni nafuu kubwa.

Maelfu ya faili ndogo huchelewesha kuliko faili moja kubwa la uzito ule ule, kwa kuwa kila moja hufunguliwa na kufungwa peke yake. Badala ya kuburuta kwa mausi, tumia:

robocopy C:\Kamera P:\Kamera /E /MT:16 /R:2 /W:5

/MT:16 inatuma faili 16 kwa pamoja. /R:2 na /W:5 zina kazi kubwa kuliko zinavyoonekana: bila hizo, robocopy ikikutana na faili bovu hujaribu mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, rudia amri ile ile bila kubadilisha kitu. Faili zilizokwisha kufika itaziruka na kuendelea na zilizobaki.